Mama Mdogo Winifrida, Roketi na Mkungu wa Ndizi

Mama mdogo Winifrida hana wivu. Ana macho. Hivyo ndivyo anavyojieleza mwenyewe. "Mimi nina macho tu, Queen," ataniambia, kisha ataanza kunitajia aliyoyaona kwa Milcah: koti jipya la sufu, kikombe cha kazini chenye jina lake, namna anavyocheka na Waswidi kama amezaliwa nao nyumba moja. Akimaliza atashusha pumzi na kusema, "Mungu ambariki," kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

Ni mdogo wake mama yangu, Brigitha. Hapa Stockholm sisi tunaishi Rissne, yeye anaishi Alby, kwa hiyo kumfikia ni treni ya bluu mpaka katikati ya mji, halafu nyekundu mpaka karibu na mwisho wa reli. Jumamosi huwa nakwenda kumsaidia kuchambua rasta, maana siku hiyo anasuka watu sebuleni. Siku nyingine anatengeneza roketi.

Nikisema hivyo shuleni wananiuliza kama anafanya usafi huko. Usafi alishaufanya, miaka mingi, kwenye nyumba ya wazee. Kabla ya hapo alitoka Bukoba kuja kujifunza kazi kwenye kiwanda cha simu, na kiwanda kikafungwa kabla hajamaliza kuzoea baridi. Sasa yuko kampuni inayoitwa Rimfrost, kwenye jumba refu lisilo na madirisha nje kidogo ya mji, na kazi yake ni nyaya. Nilimuuliza roketi ni nini hasa, akaniambia ni pipa la mafuta lenye mishipa, na yeye ni mtu wa mishipa. Anachukua nyaya nyembamba kama tambi, anazilaza pamoja, anazifunga tita kwa uzi wenye nta, fundo baada ya fundo. Tita likilegea, mtetemo wa kupaa utalisaga. Likikazwa mno, uzi wenyewe utakata waya. Basi mkono lazima ujue pa kuishia, kama kwenye kusuka: ukilegeza nywele zinafumuka, ukivuta mtu analia.

Milcah aliingia maishani mwake kwa kusukwa. Ni Mkenya, alikuja Stockholm kusoma akabaki. Alikaa kwenye mkeka wa mama mdogo Jumamosi moja, wakapatana, wakawa wanapikiana. Rimfrost walipotafuta mikono zaidi, mama mdogo alimpeleka Milcah mwenyewe, akamkalisha pembeni ya meza yake na kumfundisha kila fundo. Haukupita muda mrefu, kampuni pinzani, Ottervind, ikamwita Milcah na kumfanya msimamizi. Ana digrii, na Kiingereza chake kinateleza.

"Nilimfundisha kufunga nyaya," mama mdogo husema, "akafunga virago."

Lakini hilo silo lililomchoma zaidi. Kwenye kampuni hizi kuna desturi. Kabla ya kufunga ganda la roketi, kila aliyeitengeneza huingia na kalamu ya wino mzito na kuandika jina lake upande wa ndani, mahali ambapo hakuna mtu atakayeliona tena. Ottervind walirusha roketi yao ndogo ya majaribio mwaka jana kule kaskazini, upande wa Kiruna. Ilipanda, ikafika pale ambapo anga si la buluu tena, ikarudi na kuangukia thelujini. Jina la Milcah lilikuwa ndani. Rimfrost walikuwa bado hawajarusha hata moja.

"Jina lake limefika angani na kurudi," mama mdogo aliniambia, akivuta rasta mpaka ikakatika. "La kwangu limefika Alby."

Alitaka jambo moja tu: jina lake lipande. Nadhani sijawahi kumwona mtu mzima akitaka kitu namna ile, waziwazi, kama mtoto anayetazama keki dukani.

Ndipo zabuni ikaja. Serikali na jeshi walitaka kampuni ya hapahapa iwe inawarushia setilaiti. Niliuliza kwa nini wasiwaombe wengine wenye roketi kubwa. Mama mdogo akasema serikali imechoka kuazima macho ya jirani, maana siku jirani akikasirika anayafumba. Kampuni nyingi ziliomba, zikachujwa, mwisho zikabaki mbili, Rimfrost na Ottervind. Itakayochukua itakuwa na kazi ya miaka. Itakayokosa, basi tena.

Kabla ya kugusa kazi ya jeshi kila mfanyakazi alihojiwa: anakunywa kiasi gani, amesafiri wapi, ana marafiki gani. Mama mdogo alipoulizwa kama ana rafiki Ottervind, alijibu kwamba rafiki hana, ana adui mmoja, lakini wanasali pamoja. Anasema yule Mswidi aliandika, akafuta, akaandika tena.

Kusali pamoja ni kweli. Ibada yetu ya Kiswahili hufanyika mchana kwenye ukumbi wa kanisa kule Alby, Waswidi wakishamaliza yao. Tupo Watanzania, Wakenya, Wakongo wanaochanganya na Kifaransa, Warundi. Ibada ikiisha kuna mnada, kama nyumbani: watu huleta sadaka ya vitu badala ya pesa, na vitu hivyo hupigwa mnada palepale, kahawa ikinywewa. Dalali wetu ni Damian, dereva wa basi, mwenye mdomo mrefu kuliko basi lake. Badala ya nyundo ana mwiko.

Jumapili moja, zabuni ikiwa bado haijatangazwa, Damian alinyanyua mkungu wa ndizi. Mkungu mzima, wa kijani, na shina lake. Stockholm ndizi za kupika huuzwa mojamoja, zimelala kwenye kasha kama wagonjwa, na huyu mwenye kuutoa alikuwa ameuagiza kutoka mbali kupitia mfanyabiashara wa Fittja. Nilimwona mama mdogo akinyooka kwenye kiti. Mtu wa Bukoba na mkungu mzima, huna haja ya kueleza zaidi.

Akataja bei. Nyuma yetu Milcah akapandisha.

Mama mdogo akapandisha bila kugeuka. Milcah akapandisha tena, taratibu, huku anakoroga kahawa. Wengine wawili watatu wakajaribu kisha wakakaa pembeni kutazama, kwa sababu ilishaonekana kwamba hii si ndizi tena. Damian akaona chakula chake. Akaanza kutangaza kama mpira: mama wa Rimfrost ana mpira, mama wa Ottervind amemnyang'anya, jamani, serikali inatazama, jeshi linatazama. Watu wakacheka. Watoto wakapanda juu ya viti. Bei ilishafika mahali ambapo mama yangu aliniminya mkono na kuniambia kwa Kihaya maneno ambayo sikuyaelewa, ila niliona yanamhusu mdogo wake.

Ndipo Milcah akasema, kwa ile sauti yake laini ya kuchokoza, "Wini, pumzika basi. Jina langu limefika juu kabisa. Mkono wangu utashindwa kufika kwa ndizi?"

Ukumbi ukacheka. Mama mdogo akageuka kiti na mwili wote.

"Pandisha, Milcah, pandisha," akasema. "Mwezi ujao utalipa na nini? Zabuni tumeshaichukua sisi."

Wengi waliendelea kucheka, wakidhani ni tambo za mnada. Lakini mimi nilikuwa nimeketi karibu naye, nikaona shingo yake ikipoteza rangi. Nilikuja kujua baadaye kwamba Ijumaa iliyotangulia, Emilia, mkubwa wake wa kazi, aliwakusanya kwenye jumba na kuwaambia mambo mawili: kwanza, wameshinda, pili, mpaka serikali itangaze yenyewe, neno hilo lisitoke nje ya mlango ule, hata kwa mume, hata kwa mtoto. Na mama mdogo alikuwa amelibeba vizuri Ijumaa yote na Jumamosi yote. Ndizi ndizo zilizomshinda.

Milcah hakuwa anacheka. Aliweka kikombe chini. "Mpe," akamwambia Damian. "Yeye ndiye ameshinda." Mwiko ukapigwa.

Alitufuata kwenye makoti. Tulikuwa mimi na mama mdogo tu, mkungu umelala sakafuni kati yetu kama mtoto aliyechoka. Milcah alisema kwa sauti ya chini kwamba mama mdogo anajua sheria: mtu akisikia kitu cha kampuni ile nyingine, anatakiwa kuwaambia wakubwa wake kesho yake. Mama mdogo alikuwa anafunga vifungo vya koti, na vifungo havikuingia.

"Lakini sitasema," Milcah akasema. "Mimi sijasikia kitu. Hao wengine wameskiza ndizi tu. Wewe enda upike matoke, tuwachane na hii maneno." Akamshika bega, akaliminya kidogo, akaondoka.

Mimi nilishusha pumzi. Kwangu ule ulikuwa wema, na hata sasa nasema ulikuwa wema. Lakini nilimtazama mama mdogo na nikaona sura ya mtu aliyepigwa kofi.

Tulibeba mkungu mpaka kwake, mama yangu akimshukuru Mungu njia nzima kwamba mambo yameisha. Jikoni mama mdogo alijipaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, akaanza kumenya. Alimenya ndizi baada ya ndizi, nyingi kuliko tulivyoweza kula. Mama akamwambia atulie, Milcah ni mtu mzima, akishasema hatasema, hatasema.

"Ndiyo hilo, dada," mama mdogo akajibu. "Hatasema. Kufukuzwa kazi naweza, nimeshafukuzwa. Lakini kusamehewa na Milcah? Kila Jumapili anishike bega hivi, anitazame kwa huruma, mpaka nizeeke?"

Mama akamwambia huo ni wivu tu, na wivu haulipi kodi ya nyumba. Mama mdogo hakubisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikubali neno hilo bila kutaja macho.

Kesho yake asubuhi, akiwa kwenye treni, alimpigia Milcah simu. Alinisimulia mwenyewe. Hakumsalimu. Alimwambia, "Usininyamazie. Kaseme wewe kwenu, na mimi nasema kwetu." Akakata. Kisha akaenda kusimama mlangoni pa ofisi ya Emilia mpaka mwenyewe akaja.

Emilia alimsikiliza hadi mwisho, na mkungu wa ndizi, na mwiko, na yote. Hakupandisha sauti. Alimshukuru kwa kuja mwenyewe. Mama mdogo anasema angetukanwa angelala vizuri zaidi. Hakufukuzwa, maana alijitaja kabla hajatajwa, lakini wiki hiyohiyo kadi yake iliacha kufungua mlango wa jumba kubwa. Akapelekwa stoo, kupokea makasha ya skrubu na kuyasukuma kwa toroli. Serikali ilitangaza baada ya siku chache. Dunia nzima ikajua alichokijua, na bado mlango haukufunguka.

Roketi yenyewe ilikuwa karibu kumalizika, maana ndiyo waliyoitumia kushindania. Mishipa yake mingi ilishafungwa. Ilifungwa na mama mdogo. Na sasa asingeruhusiwa kuingia na kalamu.

Ottervind, bila zabuni, ikaanza kupungua kama sabuni. Watu waliachishwa kazi, Milcah akiwamo. Na Rimfrost ikawa na kazi nyingi kuliko mikono, ikatafuta mtu aliyeshahojiwa na anayejua mafundo. Mnajua tunakokwenda. Mama mdogo hakujua. Alijua siku aliposukuma toroli lake mbele ya mlango wa kioo wa jumba kubwa, akatazama ndani kama alivyozoea kutazama, na kwenye meza yake, chini ya taa yake, amekaa Milcah.

"Na kiti amekipandisha," aliniambia. Hilo ndilo alilolirudia wiki nzima. "Yeye mrefu. Kiti changu amekipandisha."

Nilitegemea hatamsuka tena. Lakini Jumamosi iliyotangulia siku ya kuandika majina, kengele ililia na Milcah akasimama mlangoni na pakiti mbili za rasta. Mama mdogo akamtazama, akanitazama mimi, akatandika mkeka. Mteja ni mteja.

Alimsuka kwa nguvu. Niliona ngozi ya paji la uso la Milcah ikivutika mpaka nyusi zikapanda. Milcah akasema inauma. Mama mdogo akamwambia avumilie, kwani yeye si ndiye mtu wa angani? Walikaa hivyo muda mrefu, mimi nikichambua rasta na kuogopa hata kukohoa, na kwenye televisheni Waswidi walikuwa wanapika samaki.

Kisha Milcah akasema, bila kugeuza kichwa kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kukigeuza, "Wini. Wiki ijayo tunaandika. Nataka nikuandike. Lako juu, langu chini."

Vidole vya mama mdogo vikasimama.

Nilimwombea aseme ndiyo. Niliomba kweli, pale pale, macho wazi. Ni jina tu. Lilikuwa linamjia bure, mpaka nyumbani kwake, juu ya mkeka wake.

"Kwa mwandiko wako?" mama mdogo akauliza.

"Kwa mwandiko wangu. Wa nani mwingine?"

"Basi usithubutu."

Milcah akasema anafanya hivyo kwa nia njema, Mungu anaona. Mama mdogo akasema anajua ni nia njema, nia njema ya Milcah anaifahamu, alishaminywa nayo bega. Jina lake likipanda litapanda kwa mkono wake, au libaki Alby. Vidole vikaanza kutembea tena. Baada ya mistari kadhaa aliuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Yale matita yangu. Umefungua mangapi?"

"Sijafungua hata moja."

"Usinidanganye."

"Wini, nimeyakagua yote. Ningepata kosa ningelifungua, tena kwa furaha. Aki sikupata."

Mama mdogo alifunga mwisho wa rasta ile, akaichovya kwenye maji ya moto. "Mchawi mpe mwana akulelee," akasema. "Mtoto wangu ndiye huyo, mlee." Na sijui kama mkono wake ulilegea, lakini Milcah hakulalamika tena kuumia kuanzia hapo.

Roketi ilirushwa Jumapili. Damian alitundika shuka jeupe ukumbini na kuunganisha kompyuta, tukaitazama kabla ya ibada, watu wote wa Kiswahili wa kusini mwa Stockholm, makoti bado mwilini. Mimi nilikuwa sijui kwamba kabla haijaondoka hutoa moshi mweupe ubavuni, kama ng'ombe asubuhi ya baridi. Sikujua pia kwamba huanza polepole hivyo, kana kwamba inafikiria. Halafu ikaenda. Niligeuka nimwone mama mdogo, anavyotazama nyaya zake zikipanda.

Alikuwa hatazami roketi. Alikuwa anamtazama Milcah akitazama.

Msemaji wa kwenye kompyuta aliposema setilaiti imeachiwa salama, ukumbi ulipiga vigelegele, na wanawake wa Kenya wakamwinua Milcah kwenye kiti, na mchungaji akamwombea kwa jina. Wachache walikuja kumpa mama mdogo mkono. Alisema asante, asante, Mungu ni mwema. Nilitaka kusimama niwaambie wote kwamba mishipa ile ni yake, lakini alinishika sketi kabla sijainuka, kama aliyejua.

Baada ya ibada ukaja mnada. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wameoka keki ya umbo la roketi. Ilikuwa imeegemea upande, na sukari ya buluu ilishaanza kuteremka. Damian akainyanyua kwa mikono miwili akaomba bei. Milcah, bado anafuta machozi ya furaha, akataja ya kwanza.

Mama mdogo akanyoosha mkono.

Milcah akapandisha. Mama mdogo akapandisha. Damian akaushika mwiko kwa heshima kubwa na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema kitu. Mama yangu akafumba macho.

"Wini," Milcah akasema kutoka upande wa pili wa ukumbi, amechoka, karibu acheke, "kusema ukweli, hiyo keki unaitaka?"

"Siitaki," mama mdogo akajibu. "Sitaki uipate wewe."

Akapandisha tena, na mkono wake ulikuwa juu kabisa.